Mwanamke Chumbani mwa Mwigizaji

Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Sutton Coldfield, upande wa wenye nazo hapa Birmingham, alikuwa Mmarekani. Alidai ameigiza maisha yake yote: redioni, jukwaani, kisha kwenye televisheni. Sikumwamini. Mimi si wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Asubuhi moja nikimkorogea uji jikoni, nilisikia mwanamke akifoka chumbani mwake, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kwetu Kenya kabisa. "Meza dawa. Kwani nikungoje mpaka kesho?"

Nikajua tu kampuni iliyoniajiri imeleta mhudumu mwingine kisirisiri anipokonye kazi. Lakini kilichonichoma zaidi ni ule ukali. Mama gani aliyelelewa kwetu anamsemesha mtu mzima hivyo? Nikachukua simu nimripoti.

Nilipofungua mlango, mzee alikuwa peke yake kitandani, amefumba macho, kidonge kiganjani.

"Nimesema meza," alijiambia, kwa sauti ile ile ya kike.

Ilikuwa sauti yangu, pamoja na msonyo ninaoutoa nikicheleweshwa. Nikaamini kwamba aliwahi kuigiza redioni, nikairudisha simu mfukoni.