Aliyefutwa kwenye Picha ya Darasa

Sikutaka kuingia kwenye kamati. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nina magoti mabovu na mizabibu michache nyuma ya nyumba yangu Nkuhungu, na nilishaanza kuizoea raha ya kutoitwa na mtu. Lakini mwenyekiti alinipigia simu mara tatu kwa siku moja. Alisoma nami chuo cha ualimu, kisha akapanda vyeo mpaka akastaafu na gari lenye vioo vyeusi.

"Dada, miaka arobaini tangu tuhitimu si mchezo," akaniambia. "Wewe ndiye unayekumbuka watu. Tutafutie wenzetu."

Basi nikakubali. Sherehe ilipangwa iwe ya siku tatu: Ijumaa watu wafike na kusalimiana, Jumamosi twende chuoni tukale chakula cha mchana pamoja, Jumapili kila mtu aende kwenye ibada yake na wale wa mbali waanze safari. Kamati ilikuwa ya watu watano, na vikao tulivifanyia barazani kwa mwenyekiti, Mkonze, kila Jumamosi asubuhi.

Niseme wazi kwamba vikao vile viliniudhi tangu cha kwanza. Tulitumia saa mbili kujadili rangi ya fulana. Kikao kizima kikaisha tukibishana nani awe mgeni rasmi na akae upande gani wa meza kuu. Watu wazima wenye wajukuu! Mimi nilikaa na daftari langu la mistari. Humo niliandika majina yetu yote kwa mpangilio wa rejesta ya darasa, ambao bado ninaujua kwa kichwa. Niliyempata nilimwekea alama ya vema, aliyefariki nikamwekea nukta. Nukta zilikuwa nyingi. Mwishowe likabaki jina moja tu lisilo na vema wala nukta.

Lilikuwa la mwenzangu wa bweni. Kitanda chake kilikuwa juu, changu chini. Alikuwa msichana wa Kigogo mwenye sauti kubwa, hodari wa hesabu kuliko wavulana wote, na alikuwa akinisuka nywele Jumapili huku akinifokea nisitikisike. Wiki sita kabla ya mtihani wa mwisho tulipangwa foleni kwenye zahanati ya chuo, wasichana peke yetu, tukapimwa mimba kama mifugo inayokaguliwa mnadani. Yeye akakutwa nayo. Kufikia jioni ya siku iliyofuata hakuwapo tena chuoni.

Aliyempa mimba ile alikuwa mwanafunzi mwenzetu wa darasa lilelile. Nilimjua, kwa sababu vikaratasi vyao nilivibeba mimi. Yeye alifanya mtihani, akafaulu, akapata kazi. Baadaye akawa afisa elimu, na kwa miaka mingi kazi yake mojawapo ilikuwa kuweka saini barua za kuwafukuza shule mabinti waliopata mimba. Sasa amestaafu, ana heshima zake, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati yetu.

Mwenzetu mmoja wa Kondoa, mama anayenunua alizeti vijijini, ndiye aliyeniambia kwamba yule mwenzangu yupo kijijini Haneti, analima. Jumamosi iliyofuata nikalitaja jina lake kikaoni. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtu aliyemaliza kazi aliyopewa.

Mwenyekiti akavua miwani. "Huyo hakuhitimu."

"Tumesoma naye."

"Dada, hii ni sherehe ya wahitimu. Tukianza kuita kila aliyepita pale, tutaita na wapishi."

"Alibakiza wiki sita!"

"Na sababu unaijua. Mbele ya mgeni rasmi tutasemaje? Tusimdhalilishe mama wa watu."

Alisema hivyo kweli, kwamba tusimdhalilishe. Mama mmoja wa kamati akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ile ya bei rahisi, akasema labda tungemwombea tu. Mimi nilimtazama katibu. Alikuwa anakoroga chai. Ana kisukari, chai yake haiwekwi sukari, lakini aliikoroga na kuikoroga, kijiko kikigonga kikombe, na hakuinua uso.

"Ndugu katibu, wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi naandika tu muhtasari," akajibu.

Nikanyamaza. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, nikaosha vyombo kwa nguvu mpaka nikavunja bakuli.

Wiki ile ile ikatumwa kwenye kundi letu la simu picha ya bango litakalotundikwa nyuma ya meza kuu. Ilikuwa picha ya darasa letu, tuliyopigwa mwanzoni mwa mwaka wa mwisho, imekuzwa na kupakwa rangi. Watu wakaanza kutuma vicheko na machozi. Jamani tulikuwa wembamba! Nani huyo mwenye nywele kama msitu? Nami nikajitafuta, nikajiona mstari wa pili. Nyuma yangu, pale aliposimama mwenzangu, palikuwa na ukuta. Ukuta safi wa matofali, na watu wawili wa pembeni wamesogezwa kidogo kuziba pengo. Ila fundi wa kompyuta hakumaliza kazi. Begani mwangu ulibaki mkono, vidole vinne vya mtu ambaye hayupo.

Nilimpigia mwenyekiti papo hapo.

"Fundi kakosea picha," nikasema, nikimpa nafasi.

"Hajakosea. Tuliamua ili kuepusha maswali."

"Mliamua nani na nani?"

"Mimi na katibu."

Sikumbuki vizuri nilichomjibu. Nakumbuka jirani alikuja mlangoni kuuliza kama niko salama.

Kesho yake nikapanda gari la asubuhi kwenda Haneti. Nilimkuta uani, anapura alizeti kwa fimbo, kitambaa kimefungwa puani kuzuia vumbi. Nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Akaitikia, akaendelea kupiga. Alipiga labda mara kumi zaidi ndipo akashusha kitambaa.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

Akanipa kigoda. Alikuwa amekonda, mkavu, mgongo umenyooka. Aliniletea maji, kisha ugali wa uwele na mlenda, akanitazama ninavyokula. Nikamweleza kuhusu sherehe. Kwa kuwa sikutaka asikie kwa mtu mwingine, nikamweleza na kikao, na picha. Nikamwonyesha kwenye simu. Aliishika mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wetu, akaitazama muda mrefu.

"Huo mkono ni wangu," akasema.

"Nimekuja kukuomba uje. Na nimeamua nitasema mbele ya watu wote ni nani aliye—"

"Wewe utasema?" Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Leo? Mkuu wa chuo alikuita ofisini, akakuuliza ni nani. Ulisemaje?"

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Ulisema hujui. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi na sanduku langu. Dirisha lilikuwa wazi."

Ni kweli. Mkuu wa chuo aliniuliza, nami nikasema sijui. Usiku wa kuamkia siku ile yule kijana alikuwa amenililia kwamba atafukuzwa, kwamba baba yake ameuza ng'ombe ili amsomeshe. Nilimwonea huruma. Yeye nilimwonea huruma! Na nilijiogopea mwenyewe, nisije nikaulizwa nani alibeba vikaratasi. Kwa miaka arobaini nilijiambia kwamba haingebadilisha kitu. Pengine isingebadilisha. Lakini mwenzangu angekaa pale kwenye benchi akisikia mtu mmoja anasema kweli.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Kula, ugali unapoa."

Baadaye akanieleza mambo yake, bila kulia na bila kupamba. Alijifungua mtoto wa kiume kwa mama yake. Mtoto amekua, anachimba visima, ana familia Singida. Baba wa mtoto hajawahi kutuma hata salamu. Mwenzangu mwenyewe aliwafundisha watoto wa pale kusoma, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kabla shule haijajengwa. Shule ilipojengwa walikuja walimu wenye vyeti, naye akaambiwa ahsante. Baadhi ya walimu hao walikuwa wale wale aliowafundisha alfabeti.

"Barua za kufukuza mabinti wa huku zilikuwa na saini yake," akasema. "Mmoja alikuwa mtoto wa dada yangu. Nilimsomea mimi ile barua."

Yeye alichukua fimbo yake.

"Nitakuja," akasema. "Lakini usimtaje. Nikitaka atajwe nitamtaja mwenyewe. Miaka yote hii nimelibeba hili peke yangu, sitaki leo ulibebe wewe mbele ya watu upigiwe makofi."

Nikaahidi.

Jumamosi ya sherehe upepo ulikuwa mkali, turubai linapiga kelele, vumbi limeingia hadi kwenye pilau. Alifika saa nne na gauni la kitenge cha bluu na viatu vya kufunga. Mezani pa mapokezi palikuwa na vibandiko vya majina vilivyochapwa vizuri, chake hakipo. Nilikuwa nimemwandikia kimoja kwa mkono wangu, mwandiko wa ubaoni. Nikambandikia kifuani. Mwenyekiti akaja mbio na tabasamu la kamera.

"Karibu, mama, karibu. Labda ukae huku nyuma, kuna kivuli."

"Nimekuja kwenye darasa langu," akamjibu. "Darasa langu limekaa wapi?"

Yule mama wa Kondoa akainuka mstari wa pili, akasogeza kiti chake, akamwita kwa sauti, "Njoo hapa, mwenzetu." Akaenda akakaa, akitazamana na lile bango na ukuta waliomchorea mahali pake. Nikaona watu wanainua macho kwenye picha, wanayashusha kwake, wanahesabu vidole. Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti akashika kipaza sauti akasema ratiba imechelewa.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuita majina. Kwa utaratibu tuliokubaliana, aliye hai aseme "Nipo", na kwa aliyefariki tunyamaze kidogo. Ratiba niliyopewa ilikuwa imechapwa, jina lake halimo. Nikaiweka chini, nikasoma daftari langu. Nilipofika mahali pake kwenye rejesta, nikayataja majina yake, yote matatu.

"Nipo," akasema. Sauti ilikuwa ile ile ya bwenini.

Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Mwanamume mmoja mstari wa nyuma, ambaye sikujua kama anakumbuka lolote, alivua kofia. Nikaendelea na jina lililofuata.

Kisha katibu akasimama kuongoza sala, kama ilivyopangwa. Nilidhani atashindwa. Hakushindwa. Alimshukuru Mungu kwa kutufikisha sote, akaomba baraka kwa vizazi vyetu, akawaombea mabinti wa taifa hili wapate elimu. Alisema hayo kwa sauti nzuri, macho yamefumbwa. Mimi nilifumbua yangu nikamtafuta mwenzangu. Naye alikuwa amefumbua, anamtazama katibu jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto anayesoma kitabu akiwa amekishika juu chini. Sala ilipoisha akachukua sahani, akala pilau, akaongea na mama wa Kondoa kuhusu mbegu. Saa tisa akaondoka na gari la Haneti. Hakumtaja mtu.

Jumapili baada ya ibada katibu alikuja nyumbani kwangu Nkuhungu. Alisimama kwenye mizabibu, kofia mkononi.

"Nimekuja kukushukuru," akasema. "Kwa busara yako ya jana. Ungeweza kusema."

Nilikuwa nimeshika mkasi wa kupogolea. Niliuweka chini, nisije nikamtisha mzee wa watu.

"Sikunyamaza kwa ajili yako," nikamwambia. "Mara ya kwanza nilinyamaza kwa ajili yako. Jana nilinyamaza kwa sababu aliniambia ninyamaze. Kama una shukrani, barabara ya Haneti ni ya lami sehemu kubwa."

"Afya yangu—"

"Uliweza kuja hapa."

Akaniangalia kama mtu ambaye hajanielewa, na nadhani kweli hakunielewa. Alijigusa kifuani, akasema watu wa umri wetu tuache ya zamani. Nikamfungulia geti. Aliendesha taratibu, akapunga mkono dirishani kama mtu aliyepokewa vizuri.

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti aliniondoa kwenye kundi la simu. Nasikia wameshaanza kupanga safari ya pamoja ya kwenda Ngorongoro.

Haneti nimepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa shambani, akasema atapiga, hakupiga. Mara ya pili tuliongea kidogo kuhusu mvua, kwamba mwaka huu huenda zikachelewa. Nikamuuliza kama ninaweza kuja wakati wa kupanda nimsaidie. Akasema magoti yangu hayatafaa kitu shambani. Halafu akasema, ukija uje na jembe lako.

Nimenunua jembe. Hasira haijaisha, na siombi iishe.