Maboga ya Kona ya Bi Somoe

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, mwembamba na mwoga, mama yangu alipohamishiwa kufundisha Madimba. Tulitoka Njombe, kwenye baridi na viazi, tukashushwa na mizigo yetu kwenye mchanga wa moto. Baba alikuwa na kazi bandarini Mtwara mjini, akawa anakuja mwisho wa wiki amepanda bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Siku zile mtambo wa gesi ndiyo kwanza ulikuwa unajengwa. Malori yakipita barabarani, vikombe vyetu viligongana kabatini. Lakini upande wa nyuma wa nyumba tuliyopanga hukusikia malori sana. Huko kulikuwa na kuku, jiko la kuni, na uzio wa makuti uliochoka.

Jirani yetu wa kwanza, na kwa muda mrefu wa pekee, alikuwa Bi Somoe. Aliishi peke yake ng'ambo ya njia, kwenye kijumba cha wazazi wake. Alikuwa Mmakonde, mtu mzima kumzidi mama, mrefu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Alituonea huruma mapema. Alimkuta mama akikuna nazi huku mkono umechubuka kwa mbuzi, akacheka hadi akashika mbavu.

"Mwalimu we, nazi haikunwi kwa hasira. Sogea."

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wa mwalimu. Alimfundisha kukausha makopa ya muhogo juu ya bati, kuyatwanga na kuchekecha unga, kusonga ugali wake bila mabonge. Alimfundisha kubangua korosho bila kuunguzwa na mafuta yake, kisha kuzitwanga na kuziunga kwenye mboga. Mama, ambaye kwao mboga ziliungwa karanga, alikuwa akilamba mwiko na kutikisa kichwa. Mimi nilimwita Bi Somoe Bibi, na yeye aliniita mjukuu, ingawa hakuwa na mtoto.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakuwahi kuingia uani kwetu. Alikaa kibarazani, alipokea kazi kibarazani, alifundisha kibarazani. Mama alidhani ni adabu za pwani.

Mama alitaka bustani. Kwao Njombe mwanamke asiye na bustani ya mboga huonewa aibu. Mawingu yalipoanza kujaa akapanda mchicha na maboga mbele ya nyumba, vikachomoza, vikakauka. Mchanga ule haukushika maji. Palikuwa na mahali pamoja tu penye udongo mweusi: kona ya nyuma, chini ya mpapai, ambako kwa miaka mingi watu walimwaga majivu na maganda. Asubuhi moja mama alichukua jembe akaelekea huko, nami nyuma yake na ndoo. Bi Somoe alituona kupitia kwenye tundu la uzio. Hakuita kama kawaida yake. Alisogea hadi kwenye makuti, akasema taratibu:

"Mwalimu, hapo acha. Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani, Bi Somoe?"

"Pana mwenyewe tu. Ukipanda patakubali. Lakini atakayekula cha hapo atalia."

Mama aliegemea mpini wa jembe, akatabasamu kwa upole ule aliokuwa akiwapa wazazi wa wanafunzi. "Sisi tunamwomba Mungu kabla ya kula, Bi Somoe."

"Ombeni," alisema. "Ila hapo acheni."

Mama aliacha, kwa heshima. Mimi ndiye niliyeiamini habari ile moja kwa moja. Watoto wa mtaani walinithibitishia: kona ile ina jini, wengine wakasema ni kuku mweupe asiye na kichwa, na kweli mpira wetu ukiangukia huko hakuna aliyeufuata. Nilikuwa nikienda chooni naukwepa upande ule kwa kukimbia, macho nimeyafumba nusu.

Kisha Bi Somoe akaenda shambani kwa kaka yake kuokota korosho za mwisho, na mvua ikaanza. Mvua ya kwanza Mtwara haina subira. Ilinyesha usiku kucha na asubuhi harufu ya ardhi ikaingia hadi kwenye madaftari ya mama. Alisimama mlangoni akiutazama ule udongo mweusi uliolowa. Najua alichokuwa akiwaza, kwa sababu alikisema kwa sauti: "Mtu mzima na akili zangu, ninakaa na njaa ya mboga kwa ajili ya hadithi." Akapanda mbegu za maboga. Hakuchimba sana, alitifua juu juu, kidole kimoja kikiingia.

Patakubali, alikuwa amesema Bi Somoe, na palikubali. Sijawahi kuona tena maboga ya namna ile. Yalitambaa, yakapanda mpapai, majani mapana kama sahani, mateke na laini hadi yakivunjwa yanatoa mlio. Mara ya kwanza tulipoyala nililala nikisubiri kulia. Sikulia. Baba alikula akaomba tena. Baada ya wiki ya kula nilikuwa nimeshasahau kuogopa, na nadhani mama alikuwa amesahau hata kwamba aliwahi kuonywa.

Bi Somoe akarudi baada ya wiki kadhaa. Alitupitishia sahani ya korosho alizobangua mwenyewe, nyeupe, nzima nzima. Sahani ya jirani hairudi tupu. Jumamosi ile mama alichuma majani mengi, tukakaa jikoni tukiyamenya nyuzi, akatwanga korosho zile zile alizoletewa, akakamua tui zito, akaunga. Alinawa mikono, akaifunika sahani kwa kawa, akanipa.

"Mpelekee Bibi. Umwambie mwanafunzi wake anamshukuru."

Bi Somoe alikuwa ameshasonga ugali. Alinikalisha kwenye mkeka, akanawa, akaanza kula. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, tonge kubwa kubwa, na kila mara alifumba macho kidogo.

"Mjukuu, nani kamfundisha mama yako kuunga korosho hivi?"

"Wewe, Bibi."

Alicheka. "Basi mimi ni hodari. Na majani haya kanunua kwa nani? Mateke kweli."

"Hatujanunua, Bibi. Ni ya kwetu. Ya kule nyuma, kwenye mpapai."

Mkono wake ulisimama. "Mpapai upi?"

"Wa kwenye kona."

Alilirudisha tonge sahanini, taratibu, kana kwamba lingevunjika. Alilitazama. Kisha akatia vidole kinywani hadi nikaona mkono wote unaingia, akajikunja juu ya mkeka akijaribu kutapika, na hakikutoka kitu ila mate. Halafu ikatoka sauti. Hata leo sijui niiite nini. Haikuwa ile sauti yake nzito; ilikuwa nyembamba, ya msichana. Nilijua kwa hakika kwamba jini limeingia, nikajisogeza nyuma hadi ukutani. Alilia kwanza kwa Kimakonde, lugha ambayo kwetu hakuwahi kuitumia, kisha yakaja maneno niliyoyaelewa.

"Nimemla! Nimemla mwanangu!"

Mama alifika akikimbia, peku, unga umemganda mikononi. Alimkuta Bi Somoe anajipiga tumbo na mimi nimebanwa ukutani. Alimkumbatia kwa nyuma, akamshika mikono. "Bi Somoe! Ni nini? Ni nini, mama yangu?"

Aliyasema kwa vipande, na mama akawa anarudia kila kipande kama mtu asiyesikia vizuri. Kwamba nyumba tuliyokaa ilikuwa yake alipokuwa mke wa mtu. Kwamba alijifungua humo mtoto wa kike, mzima viungo vyote, ambaye hakulia. Kwamba yeye na mkunga walimzika nyuma ya nyumba, chini kabisa, na mkunga akamziba Bi Somoe mdomo kwa kiganja: mtoto asiyelia haliliwi, ukimlilia unalifunga tumbo. Kwamba na yeye mwenyewe hakulia. Kwamba tumbo halikubeba tena, mume akampa talaka, akaiuza nyumba, na akamwambia asitamke neno kaburi kwa mtu yeyote, kwa sababu nyumba yenye kaburi haina mnunuzi.

"Ningekwambia nini, Mwalimu? Ningekwambia nini?"

Mama aliketi chini. Nilimwona akiangalia sahani, kisha mikono yake yenye unga, kisha mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba na sisi tulikuwa tumekula. Wiki nzima. Nilitoka mlangoni nikatapika njiani, watu wakinitazama.

Mambo ya namna hiyo hayakai ndani ya uzio. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu mgeni amemlisha mama kaburi la mwanawe. Wengine walisema alijua. Wazazi wawili watatu waliwakataza watoto wao kupokea hata maji kwetu. Baba alipofika alisema tuhame, mama aombe uhamisho, alie, afanye lolote. Kila siku mama akitoka shuleni alikwenda kukaa mbele ya mlango wa Bi Somoe, mlango umefungwa, yeye na kanga yake mchangani. Hakubeba chakula. Alisema hana tena ujasiri wa kumpelekea mtu chakula.

Asubuhi moja tulisikia hodi uani. Si kibarazani, uani. Bi Somoe alikuwa amesimama ndani ya uzio wetu. Mama alitoka mbio akaishia katikati, hajui aendelee au apige magoti.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba."

"Nilitaka kuyang'oa. Nikaogopa kuyagusa."

"Wewe yaache. Nitayang'oa mimi."

Alikwenda hadi kwenye kona akachutama. Aling'oa shina moja moja, hakutumia jembe. Mashina yalipokuwa marefu mama aliyashika upande wa pili, wakayavuta pamoja. Wanawake wa mtaani wakaanza kuchungulia, kisha wakaingia. Mmoja alileta mkeka. Bi Somoe alipomaliza alikaa kando ya ule udongo uliobaki wazi akaanza kulia, polepole safari hii, na mama akalia, na wale wengine mmoja mmoja. Bibi mmoja alisimama kwenye uzio akafoka:

"Mnafanya nini? Mnafunga matumbo ya wasichana wetu!"

Bi Somoe hakugeuka. "Mimi nilinyamaza," alisema, "tumbo langu likafunga vilevile."

Yule bibi akavua ndala, akaingia, akakaa.

Mwalimu wa madrasa aliitwa, akasoma dua fupi, akamwambia mama kwamba asiyejua hana dhambi, na kwamba ardhi yote tunayolima imeshalaliwa na watu. Mama aliitikia kwa kichwa. Sidhani kama ilimsaidia. Mwenye nyumba alipopata habari alitutaka tuondoke, na muhula ulipoisha tulihamia Mtwara mjini. Bi Somoe alitusindikiza hadi barabarani. Alinishika kichwa, akamwambia mama asiache kuunga korosho. Alifariki mimi nikiwa kidato cha tatu. Mama alikwenda kuzika.

Sasa nina familia yangu, na watu wakinisikia nikisimulia hili hungoja niwaambie kama ninaamini majini. Ninachojua ni hiki. Onyo lile lilitimia mbele ya macho yangu, neno kwa neno, na lilimwangukia aliyelitoa. Nimewahi kumuuliza mama, na yeye aliniambia tu kwamba Bi Somoe alisema kweli yote aliyoruhusiwa kuisema.

Mimi huwa narudi kwenye asubuhi za kawaida, kabla ya mvua. Bi Somoe akivuka njia na ufagio mkononi, akituuliza tumeamkaje, sisi tukimjibu salama. Mama akimuuliza naye ameamkaje. Naye akisema, "Salama tu, Mwalimu," huku ameupa mgongo ule uzio. Tulipokea jibu hilo kila siku tukaenda shule.