Mwenye Duka la Amplifaya

Mwenye duka la amplifaya hapo chini ya nyumba yetu hana habari na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Kila amplifaya huiinua kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepokea mtoto mchanga, kisha hutoa hukumu: "Nyepesi hii. Transfoma yake jina tu." Juzi shangazi alimpelekea spika kubwa alizoachiwa na marehemu mumewe, akaichagua amplifaya yenye taa nyingi kuliko zote. Jamaa akachukua bisibisi, akamfungulia kifuniko aone mwenyewe. "Mama, hili debe tupu. Spika zako zina njaa. Ukizilisha makombo huku unaongeza sauti, utaziunguza."

"Basi nipe ya kuzishibisha."

Akaangaza rafu zote, akajikuna kisogo, halafu akachomoa ile yake mwenyewe, kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, iliyokuwa ikimpigia muziki dukani tangu tuhamie hapa, akamkabidhi. Jioni ile nyumbani, kwa sauti ya chini kabisa, shangazi alimsikia mwimbaji akivuta pumzi.

Asubuhi nilipita dukani. Jamaa alikuwa akifuta vumbi pale palipobaki wazi, akijipigia besi kwa mdomo.