Watu Mia Nne na Sita Walioililia Gemu ya Magari ya Kupigana

Watu mia nne na sita waliniapia hadharani, wengine kwa jina la Mungu, kwamba nikiirudisha ile gemu ya zamani ya magari ya kupigana, watainunua siku hiyo hiyo.

Walionunua ni watatu.

Mmoja wao ni mama yangu, na mama yangu hana kompyuta. Yuko Keringet na viazi vyake na ng'ombe wawili. Nilimwambia nina projekti, akadhani ni ya maji, akatuma pesa kwa simu na kuniombea baraka.

Naitwa Jamleck. Kama ulikulia Shabab, hapa Nakuru, kati ya mwaka 2004 na 2009, unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa na banda la gemu kando ya kinu cha kusaga mahindi. Televisheni moja ya kisogo kirefu, pad nne za kuchezea, benchi moja.

Gemu yenyewe wengi mnaikumbuka. Magari yenye bunduki na makombora yanazunguka mjini, yanafukuzana, yanalipuana mpaka libaki moja. Gemu ya mpira ilikuwepo na hakuna aliyeitaka. Gemu ya ngumi ilishika vumbi. Vijana wakitoka shule walikimbilia magari.

Mimi nilikuwa nakaa nje mlangoni natengeneza redio. Nasikia tu milipuko ndani, bum, bum, bum! Nikawa najiambia, hawa watoto wanaipenda hii kitu vibaya sana.

Wazo hilo ndilo lililoniharibia maisha.

Banda nilifunga kitambo. Siku hizi nina kibanda cha kutengeneza simu katikati ya mji, na nina mke anayeitwa Rahab, ambaye utamsikia sana katika hii stori.

Basi mwaka jana, mteja wangu wa zamani aitwaye Kiptum, siku hizi ni fundi wa mitambo ya stima kule Olkaria, akaweka Facebook picha ya lile benchi langu. Chini akaandika: "Ile gemu ya magari kwa Jamo ndio ilikuwa gemu. Hizi za siku hizi ni takataka."

Wacha watu wafunguke!

"Irudishwe!"

"Mimi nalipa hata sahii."

"Mungu anaona, nitanunua mbili, moja ya bwanangu." Huyo alikuwa Jackie. Mweke akilini.

Nilihesabu. Watu mia nne na sita. Nikalia. Sitaki kukudanganya, nililia nikiwa nimeshika simu ya mteja iliyofunguliwa mgongo, na chozi moja likaingia kwa betri.

Nyumbani Rahab akaniuliza, "Na hayo macho?"

"Watu wananihitaji."

"Watu gani?"

"Mia nne na sita."

Rahab ni mwanamke wa vitendo. Alichukua simu, akasoma yote huku anasonga ugali, akanirudishia.

"Baba Wamaitha, hawa wanasema tu. Kusema hakuna bei."

Lakini ananipenda, kwa hivyo tukaelewana hivi. Niitengeneze gemu mpya kama ile. Katika wiki ya kwanza sokoni ikipata wanunuzi hamsini, nitaendelea nayo na hatasema neno. Isipofika hamsini, nifunge kibanda niende Elburgon kufanya kazi kwa kiwanda cha mbao cha kaka yake, Ephantus.

Sasa elewa. Mimi na vumbi la mbao hatupatani kabisa. Nikipita karibu na seremala napiga chafya kumi na mbili, na nimehesabiwa.

Nilikubali papo hapo. Hamsini kutoka kwa mia nne na sita? Niliona ni kama kuambiwa nichote kikombe kimoja kutoka Ziwa Nakuru.

Nikamtafuta Quincy. Quincy ni baba wa mapacha, anaishi Free Area, anaandika programu za kompyuta na kutafuna njugu siku nzima. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu la maana.

"Hao watu walikuwa wanapenda nini haswa kwa hiyo gemu?"

"Milipuko."

"Milipuko tu?"

"Niliisikia na haya masikio, miaka mitano."

Quincy akaandika kwa daftari: milipuko. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Tukafanya kazi miezi kumi na moja. Na sio kujisifu, lakini ile kitu ilikuwa moto. Uwanja wenyewe ni Nakuru. Kulikuwa na pikapu ya maziwa inayorusha mitungi. Lori la Elburgon linaloangusha magogo nyuma yake. Mkokoteni wa maji wenye roketi. Na gari la kunyonya vyoo, ambalo usiniulize linapiga adui na nini. Tukaiita Vumbi na Vyuma.

"Ile ya zamani raundi moja ilikuwa inachukua muda gani?" Quincy akauliza.

"Ilikuwa inaweza kwenda masaa mawili."

"Haiwezekani. Watu wa siku hizi hawana subira." Akaweka raundi ya dakika tatu. Ukijificha mahali, barabara yenyewe inakulipua. Tukapeana gota, ngumi kwa ngumi, na kucheka.

Gemu ikatoka Jumatatu asubuhi. Nilikaa kwa kibanda na kompyuta wazi, nikaingia kama mchezaji ili niwakaribishe watu wangu. Kwenye skrini kukaandikwa: Inatafuta wachezaji wengine.

Ikatafuta mpaka saa saba. Nikala lunch, nikarudi, bado inatafuta.

Unaona, Quincy aliitengeneza ichezwe mtandaoni na watu wanane, kila mtu kwake. Wanane wasipofika, haianzi. Na anayeingia akikuta hakuna mtu anatoka, na anayekuja nyuma yake anakuta hakuna mtu, naye anatoka.

Saa kumi akaingia mtu. Mwanamume wa Brazil, jina lake Wagner. Alinunua kwa pesa yake mwenyewe, Mungu ambariki. Mnunuzi wa tatu alikuwa Quincy, aliyetaka kuona kama malipo yanapita.

Quincy akabadilisha haraka ili hata watu wawili waweze kucheza. Ikawa kila siku saa kumi naacha simu za wateja, naingia kucheza na Wagner kwa huruma. Kama mteja ni mmoja, huwezi kumwacha amesimama mlangoni. Alinilipua mara arobaini na moja. Siku ya Jumatano akaniandikia ujumbe, nikautafsiri kwa simu. Alikuwa anauliza kama kuna watu wengine Kenya.

Nikamjibu tuko wengi, wako kazini.

Jioni hiyo nikaanza kuwapigia walioapa. Wa kwanza alikuwa Kabiru, dereva wa lori.

"Jamo! Msee wangu! Nilisema nitanunua. Sikusema lini."

Nikampigia Jackie, yule wa mbili.

"Kwanza niambie, ni ya mbio ama ni ya risasi? Juu bwanangu ni wa mbio, na kijana wangu ni wa risasi."

"Ni zote mbili, Jackie. Hapo ndio utamu uko."

"Aai. Sasa hapo hakuna mwenye ataipenda."

Wengine walikuwa wazee wa kanisa. Wengine wana watoto watatu na kompyuta ni ya ofisi. Mmoja aliniambia anaipenda sana hiyo gemu, lakini anapenda kuikumbuka, si kuicheza. Nilikata simu.

Alhamisi nikaipeleka kwa vijana, kwenye duka moja la gemu la kisasa mjini, ambako siku hizi ni gemu ya mpira tu. Kijana mmoja alishika pad, akaendesha mkokoteni wangu nusu dakika, akanigeukia.

"Buda, ball iko wapi?"

"Hakuna ball. Ni vita."

"Na tunajua aje nani ameshinda?"

"Mwenye amebaki hai."

Akanirudishia pad kwa mikono miwili, kwa heshima, vile unamrudishia mtu picha ya marehemu.

Ijumaa bado walikuwa watatu. Nilikuta Rahab ameniwekea barakoa ya kuzuia vumbi mezani kando ya chai yangu, mpya, bado kwa karatasi. Niliumia kuliko kama angenitukana.

Ikabaki Jumapili, siku ya mwisho. Nikaamua, hawa watu hawajaiona tu. Wakiishika kwa mikono watalia. Nikawaita wazee wa benchi wote waje kwangu baada ya kanisa. Nikaazima televisheni kubwa, Quincy akaweka mechi ya watu wanne kwa skrini moja, Rahab akapika chai na mandazi.

Wakaja wanane. Kiptum alitoka Olkaria na shati la kanisa. Kabiru akaegesha lori nje mpaka jirani akashindwa kutoka. Walikumbatiana, wakachekana vipara na vitambi, wakabanana kwa kochi langu la watu watatu. Nyumba ikajaa kelele, na mimi nikajua tumefika.

Raundi ya kwanza. Bum! Dakika tatu, kwisha.

"Imeisha?" Kabiru akauliza.

"Imeisha! Haya, ingine!"

Bum! Kwisha. Wakaangaliana.

Raundi ya tatu nikaona kitu cha ajabu. Kiptum ameendesha gari la vyoo polepole mpaka nyuma ya petroli stesheni, akaegesha. Kabiru naye akaleta lori la mbao, akaegesha kando yake. Wale wengine wawili wakafuata, wakapanga mstari kama gari za harusi. Kisha wote wanne wakaweka pad kwa magoti, wakachukua mandazi, na Kiptum akaendelea kumwambia Kabiru habari za shamba lake.

Barabara ikawalipua wote.

"Kiptum!" nikapiga kelele. "Mbona hampigani?"

Kiptum akaniangalia na mandazi mdomoni. "Lakini Jamo, si hivi ndio tulikuwa tunacheza?"

"Hivi vipi?"

Kabiru akaangalia dari.

"Mwambie," mmoja akanong'ona. "Ni miaka ishirini. Hawezi kutushtaki."

Kiptum akameza. "Jamo, ulikuwa unatulipisha aje?"

"Kwa mechi. Shilingi kumi kila mtu."

"Sasa mpira mechi moja ni dakika kumi. Ngumi ni dakika moja, umepigwa, unatoka. Lakini magari," akashusha sauti, "magari, kama hakuna mwenye anampiga mwenzake, mechi haiishi."

Nilishika ukuta.

"Tulikuwa tunapatana tangu darasani," Kabiru akasema. "Tunaegesha. Tunapiga stori mpaka giza. Kwa kumi."

"Na milipuko? Nilisikia milipuko!"

"Tulikuwa na zamu. Mmoja anapiga ukuta wa kwa gemu na makombora, ndio usiingie."

Miaka mitano. Miaka mitano nimekaa nje natabasamu, nikisikiliza watoto wakipiga ukuta.

"Kwani gemu yenyewe hamkuipenda?" nikauliza.

"Gemu ilikuwa inaboo, inachosha, Jamo," Kiptum akasema, na akasema kwa upole kabisa. "Lakini pale kwako tulikuwa tunapenda. Nyumbani kwetu mzee alikuwa anakunywa na anapiga watu. Pale nilikuwa nakaa masaa mawili kwa shilingi kumi, na hakuna mtu ananiuliza kitu. Hiyo ndio niliandika Facebook. Sikujua utaenda kutengeneza gari za choo."

Nilitaka kukasirika na nikashindwa. Nilienda jikoni nikasimama na Rahab. Alikuwa amesikia kila kitu. Alinifuta uso na kitambaa cha vyombo.

Niliporudi, Kiptum alikuwa amewakalipia wenzake na wote wametoa simu. "Tutanunua. Tuna aibu. Ni pesa ngapi?"

Nikataja bei.

Kabiru akafikiria. "Na kwa mechi moja ni ngapi?"

Niliwaambia waache. Hata wote wangenunua tungekuwa kumi na mmoja. Walikaa mpaka saa moja wakipiga stori, televisheni imezimwa, na nakwambia sijaona watu wakifurahi vile kwa muda mrefu.

Jumanne nikawa Elburgon.

Ephantus ni mtu mzuri. Alinipokea na chai ya maziwa, akanionyesha mashine, akaniambia wafanyakazi wake wanalipwa kwa siku, si kwa idadi ya mbao, na jioni hakuna anayecheleweshewa. Kisha akanisimamisha kwenye veranda ya ofisi nitazame kazi.

Wanaume wawili walipita mbele yetu na ubao mrefu, wakitoka kwa rundo la langoni kwenda kwa rundo la mashine. Ubao ulikuwa na doa la rangi nyekundu.

Baada ya nusu saa ubao wa doa jekundu ukarudi langoni. Mfanyakazi mwingine alikuwa nyuma ya ghala anagonga bati na nyundo, pa, pa, pa, na bati halikuwa na msumari.

Ephantus akanishika bega, uso umejaa furaha. "Shemeji, unasikia hiyo? Miaka kumi niko na hawa. Hawajawahi kulalamika hata siku moja. Wanapenda hii kazi kufa!"

Nilifungua mdomo nimwambie. Ni kaka wa mke wangu, ni haki yake ajue.

"Wewe mpya!" mmoja wa wale wa ubao akaniita. "Kuja ushike hapa katikati, ni mzito."

Nikaenda nikashika. Haukuwa mzito.

Ninachotaka ujifunze ni hiki. Mtu akikuambia kuna kitu alikipenda sana zamani, usikimbie kumtengenezea kingine. Muulize kwanza kilikuwa kinamgharimu nini, na alikuwa amekaa na nani. Mia nne na sita hawakunidanganya, waliikumbuka kweli kwa hamu ile miaka, na miaka haiuzwi kwa diski.

Na kama unamjua Ephantus, tafadhali usimtumie hii.