Kiboko alinitoa shule, boriti zikanipa kazi ya maktaba Mombasa

Wakuu, assalamu alaikum, na wengine wote habari za saa hizi.

Mimi ni mzee wa delta ya Rufiji, shule yangu ni darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi zimekaa upande mnivumilie. Ila haya nimeyaishi mwenyewe. Chumvi natia kwenye wali tu.

Nianze mbali kidogo.

Nikiwa mdogo tulikuwa tunakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, kulinda mpunga. Msimu mmoja, alfajiri, kiboko akaingia shambani. Baba akapiga debe, mama akapiga kelele, mie nikapiga magoti. Yule mnyama akala taratibu kama mgeni aliyealikwa, akakanyaga alichobakisha, akarudi mtoni.

Mwaka ule hatukuvuna. Baba akaniambia, "Shule itakungoja, njaa haingoji."

Haikuningoja.

Nikaingia naye mikokoni kukata miti, na huko ndiko nilikopata elimu yangu. Mti ukishakatwa unapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, halafu nguzo. Baba alikuwa ananifunga kitambaa machoni nipange kwa kiganja. Alisema jicho linadanganywa na matope, kiganja hakidanganywi. Nikikosea, kofi la kisogo. Baadaye nikawa sikosei.

Hilo tuliache kwanza.

Nikawa kijana, ikaja elimu ya watu wazima, nikajua kusoma Kiswahili vizuri tu. Kijiji kikaletewa sanduku la vitabu, nikakabidhiwa mimi. Barua ya mwenyekiti iliniita Mtunza Maktaba. Maktaba yenyewe haikudumu, maana karatasi ziliishia kufungia ugoro. Mwenyekiti naye aliazima kitabu cha ufugaji wa kuku, hakukirudisha, na kuku hakuwa naye hata mmoja mpaka anazikwa.

Barua lakini niliitunza.

Basi ikafika miaka ya ruksa. Mitumba imejaa Ikwiriri, kila mtu mfanyabiashara, na huku mikoko imewekewa vibali nisivyoviweza. Nikasikia Mombasa kuna yadi za boriti. Nikapanda basi Kibiti, nikaja Dar, nikaenda Tanga, mpaka mpakani nikavuka.

Yadi niliyofikia walikuwa wamejaa. Mwenye yadi akaniuliza najua kazi gani nyingine. Nikatoa barua. Akaisoma, akacheka mpaka akajishika kiuno, kisha akasema kuna mzee Mji wa Kale anatafuta mtu wa vitabu. Niende, labda naye acheke.

Mzee huyo, Maalim Athumani, hakucheka. Barua hata hakuitazama, nami nikadhani ni dharau. Kumbe macho yalikuwa yameshamtupa mkono. Akanishika kiganja, akapapasa sugu zangu, akasema niingie.

Chumba kizima vitabu. Kiarabu, Kiingereza, na lugha nyingine sijui za wapi, vimelundikana kama vilivyomwagwa.

Mwenye neno alikuwa bintiye, Bi Zuhura, mwalimu wa sekondari. Akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikasema kweli, sijui. Akamwambia babake mbele yangu kwamba yeye anataka mtu wa cheti. Mzee akaomba nipewe mpaka Ijumaa. Vikipangika nibaki, visipopangika nirudi kwetu.

Wakuu, nauli ya kurudi sina. Na nyumbani nimemwacha mama chini ya makuti yanayovuja, nimemwambia nakwenda kuleta bati.

Siku mbili nilivitazama tu. Kiarabu cha madrasa nakijua, lakini kile cha vitabu vile hakina irabu hata moja. Kiingereza ndiyo giza kabisa.

Siku ya tatu nikafumba macho, nikashika kimoja. Pau. Nikashika kingine. Hiki boriti.

Nikaendelea hivyo hadi Alhamisi. Misahafu nikaiweka juu peke yake, hapo sikuhitaji kufundishwa. Vilivyobaki, fito mlangoni, nguzo mwisho dirishani.

Ijumaa baada ya swala Bi Zuhura akaingia. Akakuta kitabu cha fikihi kimebanana na cha kutengeneza injini. Akashika kichwa.

"Baba, mtu huyu amepanga vitabu kama kuni."

Nikajibu, ujasiri sijui niliutoa wapi, "Si kuni, mwalimu. Ni boriti."

Maalim akaniuliza boriti za wapi. Nikamwambia ndivyo tunavyopanga kwetu Mbuchi, Rufiji. Akainua uso kama anayeona, akasema, "Dari hili ni miti ya kwenu. Babangu akiileta."

Kisha akaenda mwenyewe rafuni. Akapita fito, akapita pau, anataja kwa mdomo kama mtu aliyekulia yadini. Kwenye mazio akasimama. Akachomoa kitu, akakinusa, akakipapasa jalada.

"Zuhura, ndoo uone. Hili si daftari la mamako?"

Lilikuwa la mashairi, marehemu aliyaandika kwa mkono wake. Walilitafuta tangu msiba. Bi Zuhura akamsomea babake palepale, wamesimama wote wawili. Mimi nikatoka uani.

Habari ya cheti sikuisikia tena.

Nilikaa miaka sita. Kuna mwanafunzi wa chuo kikuu alikuja kuulizia kitabu, Maalim akapaza sauti kutoka ndani, "Mpe boriti ya tisa!" Kijana wa watu akarudi nyuma mpaka mlangoni, alidhani anapigwa.

Kiingereza nilifundishwa na Bi Zuhura huyohuyo, kila Jumamosi. Na bati za mama pale Mbuchi zilitoka kwenye vitabu vile. Zipo mpaka leo, zina kutu, hazivuji.

Nilichojifunza, usidharau ulichofundishwa kwa kofi. Na mwenye elimu akikuvumilia mpaka Ijumaa, muombee dua maisha yako yote. Kama yupo aliyepata kazi ugenini bila cheti, aandike hapa chini, miwani ninayo, nitasoma.

Najua mtauliza niliondokaje.

Maalim alifariki. Aliusia vitabu viende chuo kimoja. Vijana wakaja na maboksi na namba za kubandika, wana adabu na kazi yao wanaijua. Bi Zuhura alikuwa ameshawaomba wanichukue niwe msaidizi. Nikamshukuru, na bado namshukuru, ila penye namba kiganja hakina kazi.

Nikawasaidia mpaka rafu zikabaki tupu. Nikapitisha kiganja kwenye ubao, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Nikatundika ufunguo msumarini, nikavaa kandambili, nikatoka kama mtu anayekwenda kununua ndimu.

Sijarudi mpaka leo.