Nani Alikuja Kukuomba?

Mama yangu hajawahi kuniambia niache kusoma. Nalisema mapema ili asije akaonewa. Ni yeye aliyenisukuma tangu utotoni hadi nikafika kufundisha kilimo katika chuo kikuu hapa Bunia, na hata leo akiongea na majirani zetu wa mtaa wa Lumumba hanitaji kwa jina. Husema "professeur yangu", ingawa mimi ni assistant tu, na yeye anajua hivyo vizuri sana.

Kwa hiyo nilipopata bourse, yaani ufadhili, ya kwenda Hispania nilitegemea vigelegele. Mpango wenyewe ulikuwa wa kubadilishana watafiti. Chuo kimoja cha kusini mwa Hispania kingemleta mtu wao kwetu kwa miezi kadhaa, achunguze mbegu za maharagwe ambazo watu waliohama vijiji vyao wameweza kubaki nazo. Baadaye mmoja wetu angekwenda kwao, kufanya kazi katika maabara yao ya mbegu. Wakubwa wangu walinichagua mimi. Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu nikicheka peke yangu barabarani, na waendesha pikipiki wakanishangaa.

Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaweka ungo chini.

"Nani alikuja kukuomba?"

"Hakuna mutu, mama. Ni université njo inaniita."

"Université iko na mama?"

Nikakubali kwamba chuo hakina mama.

"Sasa ukigonjwa kule, mi nitauliza nani?"

Nyumbani kwetu Djugu ndivyo tulivyolelewa. Msichana haendi kukaa kwenye nyumba ya watu bila mtu wa nyumba hiyo kuja kumwomba. Iwe ni kuolewa, iwe ni kusoma kwa shangazi, iwe ni kwenda kumsaidia ndugu aliyejifungua, lazima mtu aje, aketi, ale, aseme shida yake, aonekane uso. Baada ya hapo kukitokea lolote, wazazi wanajua mlango wa kugonga. Nilimwambia mama kwamba Wazungu hawana desturi hiyo, na kwamba mimi nina mvi tayari. Akasema mvi hata yeye anazo, akaokota ungo wake.

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, na nimezirithi kwake, kwa hiyo tulikaa jioni ile nzima kila mtu na upande wake.

Ningeweza kwenda tu. Hakuna sheria ya kumzuia mwanamke wa umri wangu, na mama mdogo anayeishi Aru alikuwa amekubali kuja kukaa na mama. Lakini kulikuwa na kaka yangu. Zamani, kabla hatujakimbia vita huko Djugu, kaka yangu aliondoka asubuhi moja wakati mama amekwenda kuchota maji. Hakuaga. Watu walisema wamemwona akielekea kwenye machimbo ya dhahabu, na hadi leo hatujui zaidi ya hapo. Hata matanga hatujafanya, maana huwezi kukaa matanga ya mtu ambaye hujui kama amekufa. Mama hamlaumu kwa kwenda. Anachokirudia, akiwa anaosha vyombo au anatembea, ni kwamba hakusema. Nisingeweza kumfanyia mama yangu jambo hilo mara ya pili, hata kwa maabara kumi.

Basi nikangoja, na mgeni akafika.

Alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, mrefu, mwenye miguu iliyoungua jua siku ya kwanza tu. Alikaa kwetu kwa sababu chuo kiliona ni salama zaidi, na sisi tulikuwa na chumba. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kitabu, kile cha pwani. Alipoingia uani aliinama mbele ya mama na kusema "Shikamoo". Mama akanigeukia.

"Anasema nini?"

"Anakusalimia."

"Umuambie aikale. Iko na njaa."

Kuanzia hapo nilimwona mama akifanya kazi ambayo hakutumwa na mtu. Alimlisha mgeni wetu kama anayelinda dhamana. Bugali kubwa, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani, mchicha wa lenga-lenga, na maharagwe kila mara, hadi mwenyewe aliyekuja kuyachunguza akayachoka. Nikimwambia mama ampunguzie, ananijibu kwa sauti ya chini, ili mgeni asisikie:

"Mama yake akiona amekonda, weye batakulisha nini kule?"

Nikaelewa kwamba moyoni alikuwa ameshaanza kunisafirisha. Alikuwa ananitafutia mtu wa kunipokea, na njia pekee aliyoijua ni kumtendea mema mtoto wa mtu. Nilifurahi, nikanyamaza, kwa sababu mama ukimwonyesha kwamba umemwona anageuza njia.

Kazi yetu ilikwenda vizuri. Asubuhi tulikuwa sokoni pamoja na wanawake waliohama vijijini, tukiwauliza ni mbegu gani walikimbia nazo na zipi zilipotea. Mgeni alikuwa na subira kuliko mimi. Aliketi kwenye kigoda, akashika maharagwe kiganjani, akauliza, akacheka alipochekwa. Siku moja tuliruhusiwa kwenda kijiji cha Bogoro, tukarudi mapema kama tulivyoagizwa, gari limejaa mbegu na vumbi. Nilimpenda.

Jambo moja tu lilinishangaza. Alipompigia mama yake simu ya picha, alijifungia chumbani na kuketi akiwa ameupa mgongo ukuta mtupu. Na alivaa sweta. Jua la saa tisa mchana, bati linalia kwa joto, yeye amevaa sweta ya sufu hadi shingoni. Tena hakutaka jogoo wetu awike. Aliomba kwa adabu sana kama jogoo anaweza kufungiwa kwa muda mfupi. Mama alidhani ni desturi ya kwao, kwamba mzazi anasalimiwa katika utulivu. Akalisifu jambo hilo. Basi kila simu ilipopigwa, jogoo alifungiwa jikoni, amefunikwa kapu, naye akilalamika humo ndani.

Kisha mgeni akashikwa na malaria. Alitetemeka, akatapika, akaongea Kihispania na dari. Daktari alikuja na dawa zake, lakini aliyekaa naye ni mama. Alimpangusa, akamnywesha uji kwa kijiko, akamwombea kwa lugha yetu ya Djugu ambayo hata mimi naisikia kwa shida siku hizi. Alipopata nafuu na kuweza kuketi uani, mama akamuuliza kama jambo la kawaida:

"Mama yako alisema nini?"

"Sikumwambia, mama. Sikutaka aogope."

Mama aliweka kikombe cha uji chini.

"Mi nataka kuongea na ye," akasema. "Na mama yako. Kwa simu."

Jikoni akaniambia kilichobaki: "Mama wa huyu njo mutu anaweza kukuja kukuomba. Akiniomba kwa kinywa chake, nitakubali. Asiponiomba, tuache."

Sasa safari yangu ilikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye sijawahi kumwona, na chuo cha Hispania kilikuwa kinataka jibu langu kabla mgeni hajaondoka. Nisipojibu, nafasi ingepewa mwenzangu. Nikamwomba mgeni atupigie simu hiyo. Akasema mtandao ni mbovu. Kesho yake akasema mama yake amelala. Baadaye mama yake akawa hapendi simu, mama yuleyule aliyekuwa akiongea naye kila wiki. Nilianza kumchukia kidogo. Nilijiambia: huyu amekula kwetu, amelala kwetu, ameuguzwa kwetu, na anaona aibu kumwonyesha mama yake watu kama sisi. Wazo hilo liliniuma sana, na nililibeba sokoni na kurudi nalo.

Jumapili moja baada ya kanisa, mama hakuvua kikwembe chake kizuri, kile kitenge cha kanisani. Alitoa viti uani, pale karibu na ukuta ambapo mtandao hushika, akaketi, akamwita mgeni.

"Leo," akasema.

Mgeni akaja bila sweta. Alishika simu, akaiweka mapajani, kisha akaniambia kwa Kifaransa, haraka haraka, macho chini:

"Mama yangu anadhani niko Ureno."

Ureno ni nchi jirani na kwao, na wakati huo huko kulikuwa na baridi. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba bourse ni ya huko, kwa sababu mama huyo alikuwa amesikia habari za vita vya mkoa wetu wa Ituri kwenye redio na kulia kabla hata yeye hajakata tiketi. Ndiyo maana ya ukuta, na sweta, na jogoo wetu chini ya kapu.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Chuki yangu yote iliyeyuka, na mahali pake pakaingia hofu. Niliona bourse yangu inakwenda na maji. Lakini mama alikuwa ananitazama, nikamfasiria kila neno.

Mama hakucheka. Alijifunga kitambaa upya kichwani.

"Piga."

Akapiga. Mwanamke akatokea jikoni kwake, miwani juu ya paji la uso, kisu mkononi, anamenya viazi. Alifungua mdomo kumsalimia binti yake, akaona bati, akaona mgomba wa jirani, akaona mama yangu. Wakati huohuo jogoo, ambaye leo hakufungwa na mtu, akawika kwa nguvu zote za wiki zilizopita. Kisu kikawekwa chini. Sikuhitaji Kihispania kuelewa swali lililofuata, wala jibu, kwa kuwa jibu lilikuwa machozi ya binti, kisha ya mama yake.

Mama akaichukua simu. Aliishika karibu mno na kinywa, nadhani yule mwenzake aliona paji la uso tu.

"Mama," akasema, "usilie. Mutoto yako iko kwangu. Iko nakula. Aligonjwa malaria, sana, lakini mi nilikaa na ye mupaka akapona."

Mimi nikafasiri kwa Kifaransa, maana Kiswahili chetu kilikuwa bado kinamshinda mgeni, naye akapaswa kufasiri kwa Kihispania. Alisema maneno machache sana.

"Umesema yote?" mama akamuuliza. "Na malaria?"

Akainamisha kichwa.

"Sema yote."

Akasema yote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: yeye aliyedanganya ndiye aliyelazimika kupeleka habari zake mwenyewe, neno kwa neno, kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine. Yule mama alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Kisha akauliza jambo, na swali likatufikia kwa kupitia njia ileile ndefu: huyu mama ni nani?

"Mi niko mama yake ya huku," mama akajibu. "Na mi niko na mutoto. Banamuita kwenu. Sijui anaenda kwa nani."

Nikaingiza uso wangu kwenye picha. Yule mama akateremsha miwani machoni akanitazama kama ninavyotazama mbegu. Alisema kwa kirefu, na mgeni alifasiri huku akipangusa pua.

"Anasema, mama yako akuachie uende kwake. Atakuja kukupokea uwanja wa ndege yeye mwenyewe, si mimi, mimi haongei nami. Utalala nyumbani kwake. Na kila Jumapili atampigia mama yako akiwa nje, barabarani, ili mama yako aone mahali ulipo. Hatakuweka mbele ya ukuta."

Nikamwambia mama. Akaisogeza simu tena karibu na kinywa.

"Asante, mama," akasema. "Sasa mutu amekuja kuomba."

Simu ilipokwisha, mgeni alitaka kupiga magoti. Mama akamwinua kwa bega, akamwambia yeye ni mutoto mubaya, kisha akamtuma aende akale. Mimi nilibaki kwenye kiti changu nikilia kwa furaha bila aibu yoyote. Nilingoja aseme kuhusu Hispania, kuhusu baridi, kuhusu mama mdogo wa Aru. Alikuwa anatazama mlango wa uani.

"Kaka yako angesema tu anaenda," akasema, "ningemufungia chakula."

Akaingia ndani, akatoka na ungo na karanga. Safari yangu ilikuwa bado mbali, hata viza sijaomba. Akaketi palepale, na kikwembe chake cha kanisani, akaanza kuchambua za kukaanga, zile nzima huku, mbovu kule.

"Hizi njo zako za njia," akasema.