Mwanya Kwenye Ua wa Kaiyaba

Chui alikula kuku wanne wa mama kwa wiki moja, akamalizia na jogoo. Mama anakaa peke yake juu ya Othaya, pale mashamba ya chai yanapoishia na msitu kuanza. Sisi watoto wake tulikubaliana kwa simu kwamba chui akirudi tena, mama atahamia kwangu Nyeri mjini, apende asipende. Nilipomweleza, alisema, "Niende kukaa kwa ghorofa nikiangalia nini?" Akaendelea kuchambua mboga. Nikaona hatahama.

Ndipo nikaleta ua wa umeme. Mimi nikishaamua jambo sisikii la mtu. Nilinunua nyaya, vigingi, betri na paneli ndogo ya sola, nikamwita fundi, naye akauzungusha umeme boma lote, kwa ndani ya ule ua wa zamani wa kaiyaba, wenye miiba mirefu, ambao baba aliupanda. Upande wa chini tulikuta mwanya wa kupita mtu mmoja. Fundi akauliza kama tuuache.

"Ziba," nikasema. "Chui naye si ana macho?" Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Mama alikuwa amesimama kando. Akasema polepole, "Na huyo mwenzangu atapitia wapi?"

"Apitie barabarani kama watu wengine."

Mwenzake ni jirani wa ng'ambo ya kaiyaba, mjane kama yeye. Tangu nikiwa mtoto, kila asubuhi alipita pale mwanyani na kikapu cha kuchumia chai mgongoni, akanywa kikombe kimoja jikoni kwa mama, wakaomba pamoja, ndipo akaenda shambani. Siku hizi hachumi tena, lakini kwa kikombe hakuwa amekosa kuja hata siku moja. Kupitia barabarani ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, na goti lake moja halikunjiki.

Mwezi mzima nilipiga simu kila jioni.

"Kuku waliobaki ni wangapi?"

"Ziko zote."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nikawatangazia ndugu zangu kwamba kazi imekwisha.

Kisha Jumamosi moja nikapanda kwenda kumwona. Kuku walikuwa wamenona, hata unyoya haukuwa umepotea. Aliyepungua ni mama. Rinda lilimning'inia mabegani. Mezani jikoni kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kitupu, kingine kimejaa chai iliyopoa hadi maziwa yakafanya utando juu. Nilijua ni ya nani. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na mama akanipapasa kichwa akisema ati kazi ya mjini inanichosha.

Alasiri hiyo hiyo fundi alirudi. Pale mwanyani aliweka kilango cha waya wenye mpini wa plastiki, ambao mtu anaushika, anaufungua na kuurudisha bila kurushwa na stima. Kisha kwa ile njia niliyomwachia, nilishuka mtoni nikapanda upande wa pili kumfundisha yule jirani, na kumwomba msamaha. Nilifika nikihema, na mimi magoti yangu ni mazima.

"Hiyo kitu haitaniua?" akauliza.

"Shika plastiki tu, mama."

Kesho yake asubuhi alikuja, mkono ameuviringishia leso mara tatu, haniamini hata kidogo. Alifungua, akapita, akageuka kufunga taratibu, akahakikisha mara mbili. Mama alikuwa mlangoni tangu kupambazuka, chai iko tayari.

"Umekawia," mama akamwambia.

"Nilifungiwa," akajibu, akinitazama mimi.

Mama akacheka hadi akashika mlango. Asubuhi ile alikula viazi vitamu viwili.

Bado napiga simu kila jioni, lakini siulizi habari za kuku. Nauliza kama mwenzake alikuja.